Mbwa Anayenguruma Asipigwe



Wajukuu zangu, habari ya huko machimboni imenifikia. Mbwa jike aliyezaa nyuma ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ameua mtoto wake mmoja na kumla nusu, na sasa kambi nzima imegawanyika. Wako wanaotaka apigwe shoka, kwa hoja kwamba mnyama aliyeonja damu ya mwanawe hatashindwa kuonja ya mtu. Wako wanaosema ni mkosi, na kwamba duara, yaani shimo la kuchimbia, halitatoa mawe ya maana mpaka aondolewe pale. Na yuko mmoja, nimeambiwa, aliyeuliza tu: kwani kwa nini amefanya hivyo? Huyo ndiye ninayemwandikia zaidi, ingawa wengine nao wasome.

Kuuliza "kwa nini" kabla ya kuinua mkono ndiyo nasaha yangu yote. Sisi watu wa Shinyanga na Geita tuna sababu ya kuishika kuliko wengine. Kwa miaka mingi mikoa yetu imesikika nchi nzima kwa aibu ya vikongwe kukatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa kuwa macho yao ni mekundu. Macho yalikuwa mekundu kweli, hakuna aliyesingiziwa hapo. Ila wekundu ule ulitoka jikoni. Misitu ilifyekwa, mingine tangu enzi za mkoloni ili kuwafukuza mbung'o, mingine kwa ajili ya pamba na malisho, hadi bibi zetu wakabaki kupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na mabua ya pamba, na moshi wake ukawatafuna macho. Ninavyoona mimi, kila ngitili, yaani eneo la miti na malisho lililohifadhiwa, iliyorudishwa chini ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986, iliwatetea vikongwe kuliko mahubiri mengi. Watu waliiona ishara, hawakutafuta chanzo, wakaua asiye na hatia. Kama tuliweza kukosea hivyo kwa mtu mwenye ulimi wa kujitetea, tutakosea mara ngapi kwa mbwa?

Basi tuanze na huyo mzazi.

Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi. Watoto huzaliwa hawaoni wala hawasikii. Macho hufunguka baada ya wiki mbili hivi, na masikio baadaye kidogo. Siku hizo za mwanzo mama huwajua kwa pua, kwa joto la miili yao na kwa sauti zao. Mtoto aliyepoa, asiyenyonya, asiyelia inavyotakiwa, mama humwona kama kitu kilichokwisha kufa, na mara nyingi kweli amekufa au yu njiani. Humsukuma pembeni, au humla kama alivyokula kondo la nyuma, ili mahali pake pasinuke na kuwaita wala nyama. Anayemkuta akitafuna huapa kwamba ameua, kumbe huenda alikuwa anasafisha.

Lakini wapo pia majike wanaoua mtoto aliye hai na mzima. Tafuteni mambo haya. Je, ni uzazi wake wa kwanza? Jike mchanga wakati mwingine hashtukii kwamba kile kinacholia ni chake. Je, amezalia wapi? Karasha halilali, linasaga mawe usiku kucha, tochi zinapita, vijana wanainama kuchungulia, watoto wa mama lishe wanavishika vitoto na kuvirudisha vikiwa na harufu ya sabuni na dagaa. Mzazi aliyekosa pa kujificha huhamisha watoto kwa mdomo kutoka kona moja hadi nyingine, na katika hangaiko hilo huwaumiza. Je, amekula nini? Jike anayenyonyesha anahitaji chakula mara mbili au tatu ya kile alichokula kabla ya mimba, na kwenye kambi nyingi anaambulia ukoko wa ugali tu. Je, chuchu zake zimevimba, zina moto? Ziwa likioza kila mnyonyo ni kisu, na atamng'ata anayenyonya. Je, anatetemeka, miguu inakakamaa, anahema bila kukimbia? Hiyo hutokea katika wiki za kwanza za kunyonyesha, madini ya kalisiamu yakipungua mwilini, nayo ni dharura ya kumwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, maana hufa haraka.

Kwa hiyo uamuzi wangu juu ya jike wenu ni huu. Mhamishieni kwenye kibanda chenye kivuli na giza kidogo, mbali na mashine. Mpeni maji muda wote na chakula chenye dagaa au utumbo. Chagueni mtu mmoja tu wa kumhudumia, yule aliyemzoea. Mwangalieni chuchu na mwendo wake. Akitulia na kunyonyesha waliobaki, mambo yamekwisha. Akiendelea kuwashambulia, watoto watengwe na wanyweshwe na mtu, na yeye afungwe uzazi, kwa kuwa jike aliyeua watoto wazima katika hali ya utulivu anaweza kurudia.

Watoto wakifika wiki ya tatu au ya nne, utaona vituko vingine, na hapo ndipo fimbo zinapotembea bila kosa. Cha kwanza, mama anawangurumia wanawe na kuwakimbia. Meno ya watoto yameota, makali kama sindano, na yeye anawaachisha ziwa. Cha pili, mbwa mkubwa anatapika mbele ya watoto, nao wanakimbilia matapishi na kuyala. Kijana asiyejua anaona uchafu au ugonjwa, anawatawanya kwa teke. Huo ni ulishaji. Mama ametembea hadi jalala la mgahawa, amejaza tumbo, amerudi kuwagawia chakula kilicholainika. Msimpige mzazi kwa kosa la kulisha.

Sasa njooni kwa mbwa wakubwa wasio wazazi, maana maswali yenu mengi yako hapo. Mnaleta mtoto mpya wa mbwa nyumbani, kesho yake mbwa mzee anambana chini na mtoto anapiga yowe la kusikika hadi barabarani. Je, ni kufunza au ni kuua?

Mbwa mkubwa anayefunza hutanguliza taarifa. Hukaza mwili, hutazama pembeni, huinua mdomo ukaona meno, hunguruma. Mtoto asipoelewa, atanyakuliwa hewani bila jino kugusa ngozi, au atabanwa pua kwa mdomo, au atasimamiwa juu mpaka alale chali. Kisha mkubwa anaachia, anaondoka. Mchunguzeni mtoto: makelele mengi, jeraha hakuna. Baada ya dakika chache anamfuata mzee wake tena, safari hii kwa adabu. Hivyo ndivyo anavyojifunza kupima nguvu ya meno yake, somo ambalo binadamu hawezi kumfundisha vizuri.

Anayetaka kuua hana maelezo. Hanyamazi kwa hofu, ananyamaza kwa kusudi. Macho hayabanduki, kichwa kinashuka, anasogea hatua kwa hatua. Akishika, anashika shingo au mgongo, anatikisa, na haachii hata mtoto akilegea. Wengine hufanya hivyo kwa sababu kilio chembamba cha mtoto na mkimbio wake wa kuyumba vinaamsha ndani yao uwindaji, hasa mbwa waliozoeshwa kufukuza sungura na kuku wa jirani. Basi makelele yasiwatishe sana. Ukimya ndio uwatishe.

Kutokana na hilo nawapa kanuni ambayo wengi wenu mtaiona kinyume: mbwa anayenguruma asipigwe. Mngurumo ni onyo, na onyo ni heshima anayokupa kabla ya jino. Ukimpiga kila anaponguruma, hutaondoa hasira wala maumivu yake. Utaondoa onyo tu. Utabaki na mbwa anayenyamaza halafu anang'ata, kisha utawaambia majirani kwamba "amebadilika ghafla". Akinguruma, mwondoe mtoto, kisha utafute kinachomsumbua. Mbwa mzee ana viungo vinavyouma, huenda ana jicho lililofunga utando au sikio lenye kupe na usaha. Mtoto anayemrukia mgongoni anamwumiza kweli. Na uvumilivu ambao wakubwa huwapa watoto wachanga hauna maisha marefu. Mara nyingi mtoto akifika miezi minne au mitano huanza kudaiwa adabu ya mkubwa, na mwenye mbwa hudhani upendo umekwisha.

Chakula nacho kisisahaulike. Si mbali na kwetu, kwenye mbuga za Serengeti, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Hugo van Lawick, mpiga picha Mholanzi, alifuatilia kundi moja la mbwa mwitu. Kulikuwa na jike mkubwa aliyemwita Havoc na jike wa chini yake aliyemwita Angel. Angel alipozaa, Havoc aliwaua watoto wa Angel mmoja baada ya mwingine hadi akabaki mmoja, na huyo van Lawick akamwita Solo, jina ambalo baadaye likawa jina la kitabu chake. Wanyama hao hao ndio wanaosifiwa kwa kuwaachia watoto wa kundi kula kwanza kwenye mzoga, na kuwatapikia nyama waliobaki pangoni. Kwa kawaida kundi hulea uzao mmoja kwa wakati, wa jike mkubwa, na wawindaji wote huulisha huo. Uzao wa pili ni midomo ya ziada.

Mbwa mwitu si babu wa mbwa wetu. Ni ukoo wa mbali. Hata hivyo kisa hicho kinatufunza jambo moja la hakika: ukatili na huruma vinaweza kukaa kwenye mnyama mmoja, na hali ya maisha ndiyo inayoamua kipi kitoke. Kama mna majike wawili kwenye uwanja mmoja na wote wana mimba, msingoje maafa. Watengeni kabla ya kuzaa. Na kila mbwa ale kwenye sahani yake, mbali na mwenzake, mtoto akiwa upande wa pili wa ukuta. Mfupa mmoja uliotupwa katikati ya mbwa watatu umeua watoto wengi kuliko ubaya wowote wa tabia.

Nimesema ya mbwa. Sasa niseme yetu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa hakutolewa kwenye methali hiyo. Watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha mwaka 1965 matokeo ya kazi ndefu ya kulea na kupima mbwa, wakaonyesha kwamba kuanzia kama wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili mtoto wa mbwa huwa na mlango wazi: anachokutana nacho kwa amani wakati huo hukizoea maisha yote, na asichokutana nacho hukiogopa. Katika wiki hizo anatakiwa awe na mama na ndugu zake, walau hadi afike wiki ya nane, awazoee watu, watoto, mbuzi, pikipiki na mashine. Sisi tunafanya nini? Tunamchukua akiwa wa wiki nne, "azoee mapema kulinda", tunamfunga mnyororo mfupi nyuma ya stoo ya mawe, hamwoni mbwa mwenzake wala mgeni isipokuwa wa kumrushia kokoto. Wapo hata wanaomlisha pilipili wakiamini itamtia ukali, kumbe wanamtia maumivu ya tumbo. Mwaka mmoja baadaye mnamletea mtoto mgeni mbele ya mnyororo huo. Yule aliyefungwa hajui lugha ya mbwa, hana njia ya kuondoka, na kile kidogo alicho nacho ni sahani na kivuli. Anashambulia. Mnashangaa nini?

Mbwa wa kulinda haandaliwi kwa mateso. Anayejua nani ni wa nyumbani na nani si wa nyumbani ndiye mlinzi. Anayemrukia kila mtu na kila kitoto ni hatari kwenye mnyororo. Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na sheria hiyo haikuishia Dar es Salaam.

Ukitaka kumleta mtoto kwa mbwa mkubwa, fanya hivi. Wakutane nje ya uwanja, mahali ambapo mkubwa hapahesabu kuwa pake, wote wameshiba, mkubwa ameshikwa kwa kamba iliyolegea. Waachie wanuse kidogo, tenganisha, rudia. Ndani ya uwanja, mtoto awe na upenyo ambao mkubwa hawezi kupita, na mkubwa awe na mahali pa juu ambapo mtoto hawezi kupanda. Wiki za mwanzo wasiachwe peke yao, hasa usiku. Na mbwa aliyewahi kumshika mtoto kimya kimya na kumtikisa asijaribiwe tena. Atengwe na watoto maisha yake yote. Kama hilo haliwezekani na ni hatari pia kwa watu, daktari wa mifugo ndiye wa kuitwa, siyo shoka.

Nimeacha jambo zito kuliko yote, maana nataka mlishike mkiwa macho. Kuna mabadiliko ya tabia ambayo chanzo chake si njaa, wala mnyororo, wala uzazi. Ni kichaa cha mbwa. Mama mpole anawageukia watoto wake. Mkali anakuwa mnyenyekevu kupita kiasi, analamba kila mtu. Anang'ata mti, jiwe, mnyororo. Sauti inabadilika, anashindwa kumeza, mate yanadondoka, taya linaning'inia, anatembea bila kituo. Mkiona hata mawili ya hayo, acheni mjadala wa tabia. Msimguse, msimfungue mdomo mkidhani amekwamwa na mfupa. Mfungieni alipo kama inawezekana bila kumsogelea, watoto waondoke eneo hilo, na bwana mifugo aitwe.

Aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa, au aliyelambwa kwenye kidonda aoshe jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka mafuta ya taa wala dawa ya mizizi, kisha aende hospitali kwa chanjo siku hiyo hiyo. Asisubiri kuumwa. Ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini wiki au miezi kimya, lakini dalili zikishaanza hakuna wa kuponya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unaua watu 59,000 hivi kila mwaka duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wengi wao ni watu wa vijijini Afrika na Asia, watoto wakiwa sehemu kubwa. Mbwa aliyeng'ata akiwa bado mzima, msimuue kwa hasira. Afungiwe na aangaliwe siku 10, kwani hali yake itamsaidia daktari wa binadamu kuamua. Akifa, msimzike kimya kimya na msimponde kichwa. Ubongo wake ndio unaopimwa.

Kinga yake ni rahisi. Mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kila Septemba 28 ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, tarehe aliyofariki Louis Pasteur, ambaye chanjo yake ilimwokoa mtoto wa kwanza mwaka 1885. Timu za chanjo zikifika kijijini, watu hupeleka madume makubwa na kuacha watoto nyumbani wakisema bado wadogo. Wapelekeni wote. Watoto wa mbwa ndio wanaobebwa mikononi na watoto wa watu. Na msione hasara ya ugonjwa wa mbwa inaishia kwenye uzio wetu: mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, vinavyohusishwa na mbwa wa vijiji vilivyopakana na hifadhi, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Neno la mwisho ni la nyinyi wa machimboni hasa. Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Kakola, nyote mnajua inavyokuwa. Inasikika kuna rashi mpya, yaani watu wanakimbilia machimbo mapya, na ndani ya siku mbili maturubai yamekunjwa, mashine iko juu ya fuso, masufuria yamefungwa kamba. Mbwa hawapandi. Aliyekuwa akilinda mawe yenu usiku anaachwa kando ya shimo tupu, pengine ana mimba. Atazalia kwenye marudio, yale mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, atalea kwa njaa, watoto watakaopona hawatashikwa na mkono wa mtu katika zile wiki za mlango wazi, wala hawataonja sindano ya chanjo. Mwaka unaofuata kijiji kitalalamika kwamba kuna mbwa koko wanaoua vitoto na kufukuza wanafunzi, na halmashauri itaombwa bunduki. Hakuna atakayekumbuka kwamba wale mbwa walikuwa na wenyewe.

Kwa hiyo kabla hujapokea mtoto wa mbwa kwa mtu, jiulize mambo mawili: nitamchanja? Na siku ya kuhama, atapanda gari? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, mwache kwa mama yake.